Hali: Nzuri

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwisho wa barua kama nitakuwa nimepoa. Juzi nilikukatia simu kwa sababu ningekutukana, na Mama alikuwa amekaa pembeni ananitazama mdomo. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Nilikuwa chini ya injini, mgongo uko kwenye oili, spana mkononi, redio ya msaidizi wangu inaimba juu ya kabati. Mara mtangazaji anasema nchi yetu itakuwa na meli ya nyuklia. Anasema wataalamu wetu wako ng'ambo wanafanya upembuzi yakinifu, akataja na cheo chako. Msaidizi akapiga makofi. Nikamrushia tambara.

Sasa nikuulize, Profesa. Visiwa vinane, meli moja. Watu wanaiita Shangazi maana haina saa ya kufika, na ikifika inafika na mizigo na lawama. Mimi ndiye fundi mkuu wa mashine wa huyo Shangazi mwaka wa sita huu. Miezi kumi na minane nimeomba injini mpya, na kila nikiuliza Idara wananijibu nisubiri upembuzi. Mimi nikipembua mchele, nusu saa nimemaliza, mawe huku, mchele huku. Nyinyi mnapembua nini mwaka mzima?

Na usijifanye umesahau nani yuko kisiwa cha mwisho. Mama anasafiri kwa muda wa saa kumi na moja ndani ya meli hii kila wiki sita, kwenda kudungwa sindano ya macho hospitali kuu. Daktari kasema wazi kwamba akikosa, macho yanakwenda. Andika kwenye ripoti yako tunataka injini ya dizeli, ya kawaida, mpya. Hiyo nyuklia itatukuta.

Sijapoa. Salamu utapewa siku nyingine.

Dada yako


21 Februari

Dada,

Barua imefika na alama ya kidole cha oili kwenye bahasha, nikajua ni wewe kabla ya kufungua. Shikamoo hata kama hutaki.

Si mimi niliyesema tutakuwa na meli ya nyuklia, mtangazaji kajisemea. Kazi yetu ni kuuliza kama inawezekana, basi. Na swali lenyewe si la kijinga, usicheke. Karibu nusu ya pesa tunayopeleka nje inanunua dizeli. Bei ikipanda huko, huku tunakaa gizani na nauli inapanda. Meli yenye kinu kidogo cha nyuklia inawekewa fueli mara moja na kutembea miaka ishirini. Ikifunga gatini inaweza hata kuwasha taa za kisiwa kizima. Wewe ukiisikia vizuri, utatega sikio.

Kinachonikera ni meza yetu hapa. Tuko watano, na watatu ni wa kampuni inayotaka kutukodisha hiyo meli. Nikiuliza nani ataikatia bima, naambiwa hilo ni la awamu ijayo. Nikiuliza taka zake tutaziweka kisiwa gani, naletewa kahawa. Na mkubwa wangu huko nyumbani ananiandikia kila Jumatatu, maneno yaleyale: lete majibu chanya. Nimechoka, dada. Nakaa kwenye chumba chenye zulia na kiyoyozi na nataka kupiga meza kama unavyopiga wewe injini.

Nisaidie jambo moja. Lazima tulinganishe na meli iliyopo, kwa hiyo makao makuu wamenitumia nakala za madaftari yako ya mashine, miaka sita yote. Nimeyasoma kurasa zote. Joto la maji, presha ya oili, saa za injini, na mwisho kila siku umeandika: "Hali: nzuri." Hakuna hitilafu kubwa hata moja! Nimewaonyesha watu wa kampuni, wakatingisha vichwa. Ndivyo ilivyo, au kuna la kuongeza?

Mdogo wako


9 Machi

Profesa,

Marahaba. Nimepoa kidogo, maana Mama alipata sindano yake wiki iliyopita na daktari ameridhika. Anakusalimu. Anataka kujua kama hiyo meli yako inaweza kulipuka, na kama inalipuka, je, itatoa taarifa kwanza.

Barua yako niliisoma kwa sauti chumba cha mashine, na sasa hawa vijana wangu hawafanyi kazi, wanajadili nyuklia. Msaidizi anauliza kama mtu akikaa nayo karibu atapata watoto. Nahodha anauliza ni bandari gani ya jirani itakubali tufunge, maana hata siku ile tulipobeba mitungi ya gesi walitusimamisha nje kutwa nzima. Hilo ni swali la maana, liandike.

Langu mimi ni hili. Shangazi nikimzima, amezima. Nakwenda kula. Hicho kinu chako nikikizima, kinapoa baada ya muda gani? Na kikiwa kinapoa, maji yanazungushwa na nini? Jenereta yetu ya akiba haiwaki mpaka uitie nyundo mara mbili ubavuni, na nyundo yenyewe nimeifunga kwa kamba ili isipotee. Nisije nikasikia mmetuletea kitu kisichotaka umeme ukatike, mkakileta kwetu.

Hayo madaftari yako kama yalivyo. Achana nayo, wewe andika ya nyuklia. Na usisahau injini yangu.

Dada yako


24 Machi

Dada,

Swali lako lilimpeleka mtu wa kampuni kwenye mafaili yake! Nililiuliza kama lilivyo, nikaondoa habari ya nyundo tu. Jibu ni kwamba kinu kikizimwa hakipoi palepale. Kinaendelea kutoa joto siku nyingi, na maji lazima yazunguke muda wote huo, umeme uwepo usiwepo. Kwa hiyo lazima uwe na pampu ya akiba, na akiba ya ile akiba, na watu waliosomea wakae zamu usiku na mchana hata meli ikiwa imefungwa gatini. Nimehesabu waliosomea mambo hayo nchini kwetu. Wako wanne, na mmoja amestaafu anafuga kuku.

Basi nimeamua, na nimeshapeleka. Nimeandika kwamba kwa nchi ndogo kama yetu, meli ya nyuklia haiwezekani kwa sasa, na si kwa miaka kumi na tano ijayo. Bandari za jirani hazijakubali, bima hakuna, taka hazina pa kwenda, watu hatuna. Kila neno nimeliwekea ushahidi. Mkubwa wangu amenuna, hata zile barua za Jumatatu zimekoma.

Na wewe nimekupigania, usiseme sikukupigania. Watu wa kampuni walikuwa wanasema meli ya sasa inakaribia kufa, kwa hiyo tusaini haraka. Nikawafunga mdomo kwa madaftari yako. Soma sura ya saba: "Meli iliyopo iko katika hali nzuri, haijapata hitilafu kubwa kwa miaka sita, na inaweza kuhudumia visiwa kwa miaka kumi na miwili mingine bila matengenezo makubwa." Hakuna atakayemgusa Shangazi wako. Nilitamani niuone uso wako ukisoma.

Mdogo wako


17 Aprili

Kwa: Fundi Mkuu wa Mashine, Meli ya Huduma za Visiwa

YAH: MAOMBI YA INJINI MPYA

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Idara imepitia maombi yako na kuyalinganisha na ripoti ya upembuzi yakinifu, sura ya saba. Ripoti hiyo, kwa kutumia madaftari ya mashine yaliyotiwa saini na wewe mwenyewe, inathibitisha kwamba injini iliyopo iko katika hali nzuri. Idara inashangaa kupokea maombi yanayopingana na kumbukumbu zako mwenyewe.

Hivyo maombi hayo hayakukubaliwa. Fedha zilizotengwa zimeelekezwa kwenye awamu ya pili ya upembuzi yakinifu wa meli ya nyuklia, ili kuyafanyia kazi maeneo ambayo awamu ya kwanza haikuyaona kwa mtazamo chanya.

Unatakiwa kuendelea kuitunza meli kwa kiwango kilekile cha juu.

Nakutakia kazi njema.

Kaimu Mkurugenzi, Idara ya Usafiri wa Majini


18 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekutumia nakala ya barua ya Idara. Isome umekaa.

Umeniua. Najua hukukusudia, na ndiyo maana naandika badala ya kupanda ndege kuja kukuchapa. Umeniua kwa mkono wangu mwenyewe, maana wewe umenakili tu niliyoandika.

Sasa sikiliza jambo ambalo hujawahi kuambiwa. Kwenye Shangazi kuna vitabu viwili. Kile kikubwa chenye jalada gumu ni cha mkaguzi. Cha pili ni daftari la shule la kurasa tisini na sita, linakaa nyuma ya tangi la oili, na humo ndimo tunamoandika ukweli. Siku ya kwanza nilipokabidhiwa funguo, fundi mkuu aliyenitangulia alinikalisha juu ya ndoo akaniambia: ukiandika hitilafu kwenye kitabu kikubwa, sheria inamlazimu mkaguzi aisimamishe meli mpaka itengenezwe. Vipuri havipo. Kwa hiyo meli itasimama, na visiwa vinane vitakaa bila unga, bila dawa, bila mafuta ya taa. Na yeye aliambiwa hivyo na aliyemtangulia. Nikaona ndiyo busara ya kazi. Nikaandika "Hali: nzuri" siku elfu mbili.

Unataka ukweli? Injini ina silinda sita, tunatembea na tano. Namba nne niliiua mwenyewe mwaka juzi, nikatoa pistoni, nikaziba. Bloku, ule mwili wenyewe wa injini, ina ufa mrefu kuliko kiganja changu, nimeushona kwa vyuma na kuubandika gundi. Kila safari naomba Mungu, na mimi si mtu wa kuomba sana.

Nilikuwa nifanyeje? Mama alipoanza sindano, nikisema nisimamishe meli, namsimamisha na yeye. Hebu niambie ni mtoto gani angeandika.

Irekebishe hiyo sura ya saba. Sema umekosea. Na usipige simu, tunalala kwa Mama wiki hii, sitaki asikie.

Dada yako


4 Mei

Dada,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara tatu za kwanza nilikuwa na hasira, na hii ya nne pia.

Nilikuuliza! Niliandika kabisa, ndivyo ilivyo au kuna la kuongeza? Ukanijibu niachane nayo. Mimi ndugu yako, mtoto wa tumbo moja, ukanipa kitabu cha mkaguzi. Nimesimama mbele ya watu nikaapa kwa maandishi yako, na nimetia jina langu.

Na nikwambie kitu kitakachokuuma. Miezi yote hii nimetafuta sababu kubwa ya kwa nini nchi yetu haiwezi kuendesha kinu cha nyuklia. Nikataja bandari, nikataja bima. Kumbe sababu ilikuwa mezani kwangu na nikaisifia. Kinu hakitaki fundi hodari anayeshona nyufa kwa gundi. Kinataka mtu anayeandika kila kitu, hata bolti iliyolegea, na mkubwa ambaye akisoma hafungi kazi na kwenda zake, analeta bolti. Wewe ndiye fundi bora tuliye naye. Kama wewe unaandika "Hali: nzuri" na silinda imekufa, basi tusizungumze nyuklia, tuzungumze aibu.

Haya, nimesema. Sasa tufanyeje? Nikiifuta sura ya saba wataniomba ushahidi, na ushahidi ni lile daftari la nyuma ya tangi. Likionekana, leseni yako imekwenda na pengine unapelekwa mahakamani. Na watu wa kampuni watasema, kama sura ya saba ni ya uongo basi na zile nyingine ni za uongo, na meli yao itapita bila mtu wa kuhoji. Nimefungwa huku na huku.

Kamati inakaa mwisho wa Juni. Subiri nitafute njia. Wakati huo anza kuandika ukweli kidogo kidogo, usiwashtue.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Kidogo kidogo haikuwepo.

Jumanne tulikuwa tumetoka kisiwa cha sita, abiria themanini na saba, Mama mmojawapo, anarudi kutoka hospitali na bandeji jichoni. Bahari ilikuwa shwari, maji ya beseni. Nikasikia namba tano inagonga. Nikakimbilia kuipunguza injini mwendo, haikunisubiri. Ufa ulifunguka, maji yakaingia kwenye oili, injini ikakaza na kusimama. Baada ya hapo kimya.

Mkondo ukaanza kutuvuta kwenye miamba. Nanga ya kwanza haikushika. Ya pili ilishika wakati nahodha anaweza kuhesabu miti ya ufukweni. Tulikaa hapo kwa muda wa saa tisa mpaka boti za samaki zikaja kutuvuta. Hakuna aliyekufa. Watoto walilia, watu wazima walinitukana, na walikuwa na haki. Mama alikaa kwenye benchi lake na mfuko mapajani.

Tulipofika, nahodha akaniletea kitabu kikubwa. Ni mtu mzuri, usimlaumu. Akasema, "Andika tumecheleweshwa na hali ya hewa, tutafanya mpango wa kutafuta injini ya mtumba." Mama alikuwa bado kwenye benchi. Nikatazama lile jua, nikatazama maji yaliyotulia, nikaona kwamba leo nikiandika hali ya hewa, safari ijayo nitawazika.

Nikaandika yote. Silinda namba nne na tarehe niliyoiua. Ufa, urefu wake, na mara ngapi nimeubandika. Nikaandika kwamba miaka sita nimedanganya na kwamba daftari la kweli lipo, nikalitaja lilipo. Nikatia saini.

Mkaguzi amekuja leo asubuhi, meli imesimamishwa kwa amri, minyororo na karatasi nyekundu. Daftari la shule ameondoka nalo, lakini nilikuwa nimeshapiga picha kila ukurasa na nimekutumia. Fanya nazo unavyojua. Usinilinde.

Sindano ya Mama ni tarehe ishirini na moja Julai. Sijui atafikaje.

Dada yako


1 Julai

Dada,

Kamati imekaa. Nilisimama nikasema sura ya saba ni ya uongo, nikawaonyesha picha zako, nikawaandikia sura nyingine papo hapo kuhusu vitabu viwili na kwa nini nchi yenye vitabu viwili haiwezi kukaa na kinu. Ilitokea vilevile nilivyoogopa. Nimeondolewa kwenye timu, ripoti yangu imewekwa kando, na awamu ya pili inaendelea na mtu mwingine mwenye majibu chanya. Narudi nyumbani mwezi ujao. Hilo liache, nitalia nikifika.

Lakini kuna habari, na sijui kama nikupe kwa furaha au nipige ukuta. Injini yako imeagizwa. Ya dizeli, mpya, ya kiwandani. Nimeiona saini ya Mkurugenzi kwa macho yangu. Meli ikisimamishwa kwa amri ya mkaguzi, kumbe kuna fungu la dharura ambalo Idara inalazimika kulifungua, sheria ipo miaka ishirini. Halijawahi kuguswa, kwa sababu hakuna fundi aliyewahi kusababisha meli isimamishwe. Mkaguzi aliandika tarehe kumi na mbili, saini ikawekwa tarehe ishirini na moja.

Siku tisa, dada.

Mdogo wako


30 Agosti

Mdogo wangu,

Ulipofika sikukuja kukupokea, na ulipopiga hodi nikasema nina homa. Sikuwa na homa. Yapo mambo siwezi kukwambia uso kwa uso, ndiyo maana naandika na wewe uko mitaa miwili tu kutoka hapa.

Injini imefungwa. Leseni yangu wameichukua miaka mitano, kesi wamesema wataangalia. Msaidizi wangu ndiye fundi mkuu sasa. Wiki iliyopita Shangazi alitoka kwa mara ya kwanza, na nilisimama nje ya geti la bandari pamoja na wauza maji, maana ndani siruhusiwi. Silinda sita zinaimba zote. Nilitaka kufurahi.

Siku tisa zako haziniachi nilale. Miaka sita nilidhani nawalinda watu wa visiwa, kumbe nilikuwa nawalindia Idara fungu lao. Ningeandika mwaka wangu wa kwanza, Mama bado anaona vizuri, wala hajui sindano ni nini, watu wangekaa na dhiki miezi miwili na mambo yakaisha. Niliwaamini wazee wa kazi, na wao waliwaamini waliowatangulia, na hakuna hata mmoja wetu aliyejaribu.

Mama hakuifikia sindano ya Julai. Boti ya injini ya nje ilijaribu kumleta, mawimbi yakawarudisha njiani, mara mbili. Jana ndipo alipokuja, ndani ya Shangazi mwenye injini mpya. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Jicho la kulia limepona. La kushoto daktari alilimulika mara moja tu, akazima tochi.

Njiani kurudi nilimshika mkono, nikamwambia yote, vitabu viwili, siku tisa, yote. Nikamwambia, "Mama, nilificha kwa ajili ya macho yako." Nilitaka aseme hapana mwanangu, si kosa lako. Alitembea mpaka tukavuka barabara, akasimama kupumua.

Akasema, "Ungeandika mapema, ningekuwa nayo mawili."

Kisha akaniambia tutafute kivuli, jua linamuumiza.

Dada yako